Sehemu ya 3: Virusi vinaogopa risiti?

Jana niliahidi kumalizia habari ya ile kompyuta kuukuu juu ya kabati letu. Wengine mmeniuliza inboksi, "Sista, nesi na seva wapi na wapi?" Haya, nawajibu.

Baba watoto aliigeuza kuwa seva ya barua pepe, ili barua zetu, picha za watoto na kadi za kliniki vikae nyumbani, sio kwenye kompyuta za watu tusiowajua. Ikawaka vizuri. Kutuma ndio ikagoma.

Tukawapigia wanaotuuzia intaneti. Eti mlango namba 25, ambao seva hutumia kupelekeana barua, umefungwa kwa wateja wa majumbani. Tukiutaka, tununue kifurushi cha biashara, karibu mara tatu ya tunacholipa. Biashara gani jamani? Nauza nini mimi, picha za mwanangu na mapengo yake?

Sababu yao naijua, na ni ya kweli. Kompyuta za nyumbani zikiingiwa na virusi hutumika kumwaga barua taka, mwenyewe hana habari. Sawa. Lakini wodini mtoto akiletwa na surua tunamtenga yeye, tunamtibu, tunawalinda wengine. Hatufungi wodi nzima halafu tukauza funguo dirishani. Kama kweli ni kinga, mbona anayelipa zaidi hakingwi? Virusi vinaogopa risiti?

Na msiseme haiwezekani. Ufaransa, kampuni ya Free ilifunga mlango huohuo, lakini ikampa mteja uwezo wa kuufungua mwenyewe kwenye akaunti yake.

Tunachoomba ni kidogo. Anzeni kwa kufunga, sikatai. Mteja akiomba, mfungulieni. Akimwaga taka, mfungieni yeye. Na yote hayo yaandikwe kwenye mkataba, kwa Kiswahili cha kueleweka, kabla hatujasaini.

Nawe mama, kabla hujalipia intaneti ya nyumbani, uliza mawili: mlango 25 mnaufungua nikiomba? Nitapata anwani ya IP yangu peke yangu, isiyobadilika? Hata kama seva huitaki leo. Mwanao anayependa kuchokonoa kompyuta ataitaka kesho, na asiambiwe nyumbani kwao ni pa kupokea tu.

Sehemu ya 4 nikitoka zamu ya usiku. Walioulizia na kujibiwa, niandikieni hapa chini mlichoambiwa.