AFYA NA SHERIA: Mama Anayetokwa Damu Asifichwe

Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Jambo lenyewe ni kutoa mimba. Hatulisemi ili kumwaibisha mtu. Tunalisema kwa sababu wako wanawake wanaokufa wakiwa wamefichwa ndani. Ndugu zao wanaogopa. Wanasema, "Tukimpeleka hospitali atafungwa." Basi mama analala kitandani, damu inamtoka, mpaka nguvu zinakwisha.

Tuisome sheria pamoja, ili hofu isituue.

SHERIA INASEMA NINI?

Sheria ya Tanzania Bara juu ya jambo hili imo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Ilitungwa wakati wa utawala wa Waingereza. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu.

Kifungu cha 150 kinamhusu mtu anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria. Anaweza kufungwa miaka 14. Kifungu cha 151 kinamhusu mwanamke anayejitoa mimba, au anayekubali kutolewa. Anaweza kufungwa miaka 7. Kifungu cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au kifaa huku akijua kitatumika kutoa mimba kinyume cha sheria. Anaweza kufungwa miaka 3.

Angalia maneno "kinyume cha sheria". Maana yake, iko nafasi ambayo sheria imeiacha wazi. Kifungu cha 230 kinasema kuwa mtu hana kosa akifanya upasuaji ili kuokoa maisha ya mama, ikiwa anafanya kwa nia njema, kwa uangalifu na kwa ujuzi, na hali ya mgonjwa inahitaji hivyo.

Je, kuokoa maisha ni nini? Mwaka 1938, mjini London, daktari Aleck Bourne alishtakiwa kwa kumtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa. Aliachiwa huru. Mahakama ilielezwa na jaji kuwa kuokoa maisha ya mama ni pamoja na kuzuia mwili wake au akili yake isiharibike kabisa. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilifuata njia hiyo hiyo. Lakini uamuzi huo ni wa daktari hospitalini. Si wa jirani, wala si wa muuza dawa.

Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake wa Afrika. Itifaki hiyo inataja pia mimba ya kubakwa. Hata hivyo, vifungu vya Kanuni ya Adhabu tulivyovitaja havijabadilishwa.

MAMBO MAWILI AMBAYO SI KOSA

Kwanza, mimba kuharibika yenyewe si kosa. Katika kila mimba 100 zinazojulikana, 10 au zaidi huharibika bila mtu kufanya lolote. Usimshuku kila mama anayetokwa damu.

Pili, kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika si kosa, hata kama aliitoa kwa siri. Huduma hii inatolewa hospitalini na katika vituo vya afya vingi. Kazi ya mganga ni kutibu na kutunza siri ya mgonjwa.

KWA NINI KUTOA MIMBA KWA SIRI KUNAUA?

Vijiti na vyuma hutoboa mfuko wa uzazi, na hata utumbo. Vikiwa vichafu, huingiza vijidudu, na hata pepopunda. Mizizi mikali na vidonge vilivyozidi kipimo huharibu ini na figo. Mabaki ya mimba yakibaki ndani, damu haikatiki, kisha yanaoza. Sumu inaingia katika damu. Anayepona anaweza kuwa tasa.

Iko pia mimba inayotunga nje ya mfuko wa uzazi. Hiyo haiwezi kuzaa mtoto. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, na nje huenda isionekane nyingi. Mama huumwa sana tumbo, mara nyingi upande mmoja, kisha huzimia. Huyo anahitaji kupasuliwa upesi.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mama hospitali mara moja ukiona hata moja ya dalili hizi:

1. Damu nyingi. Akilowanisha vitambaa viwili kwa saa moja, usingoje.
2. Homa na kutetemeka.
3. Maumivu makali ya tumbo, au tumbo kuwa gumu.
4. Uchafu wenye harufu mbaya ukeni.
5. Kizunguzungu, jasho la baridi, au kuzimia.

Njiani mlaze, uinue miguu yake kidogo, umfunike asipate baridi. Usiingize kitu chochote ukeni. Waende pia ndugu wawili au watatu wanaoweza kutoa damu. Kama alitumia dawa, chukueni pakiti au mizizi yenyewe. Mwambieni mganga ukweli wote. Akijua ukweli atatibu upesi.

TUZUIE MAPEMA

Wazazi, binti akisema ana mimba, msimfukuze. Binti aliyefukuzwa huenda kwa watu wa vichochoroni. Tangu Novemba 2021, Serikali imeruhusu msichana aliyeacha shule kwa ajili ya mimba arudi kusoma baada ya kujifungua.

Aliyebakwa apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kwisha. Atapewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI na vidonge vya kuzuia mimba. Akiwahi zaidi, ndivyo dawa zinavyofaa zaidi.

Na ninyi baba na mama, nendeni pamoja zahanati mkaulize juu ya uzazi wa mpango. Viko vidonge, sindano, vijiti vya mkononi, kitanzi na kondomu. Mimba iliyopangwa haimfanyi mtu atafute mizizi usiku.

Ndugu msomaji, msomee na jirani asiyejua kusoma. Huenda binti yake ndiye anayefichwa.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kifungu cha 230 kinaruhusu nini?
2. Taja dalili tatu za hatari.
3. Kijijini kwetu, usiku wa manane, mgonjwa atapata usafiri kwa nani?