Ukurasa wa Nyumbani: Mama Aliye Peke Yake na Hasira za Siasa



Wapenzi wasomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za jiko, za mavazi na za adabu ya watoto. Mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulisema jikoni lakini hatulileti barazani. Nalo ni ile hasira ya mambo ya utawala wa nchi aliyo nayo mama anayelea watoto peke yake, na jinsi hasira ile inavyowafikia watoto wenyewe. Sitataja nyumba ya mtu. Nitaanza na yangu, kwani afagiaye huanzia mlangoni kwake.

Nyumba yangu iko Same mjini, chini ya milima ya Upare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Atazamaye juu huona ukijani wa migomba na mawingu. Huku chini kwetu ni vumbi, upepo na miti ya miiba. Kwa miaka mingi kazi yetu ya kwanza baada ya sala ya alfajiri ilikuwa kutafuta maji. Kila ulipofika uchaguzi tuliahidiwa maji, na uchaguzi ulipopita tulirudia ndoo zetu. Ule mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe, uletao maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa mwezi wa Machi 2025, nasi tukamshukuru Mwenyezi Mungu. Walakini mwanangu wa kwanza alizaliwa, akabeba ndoo, akamaliza shule, akaondoka nyumbani, na mradi ule ulikuwa haujazinduliwa bado.

Ninao watoto watatu. Huu ni mwaka wa tisa tangu nilipoachana na baba yao. Mkubwa yuko Dar es Salaam, anabeba mizigo na kuuza nguo Kariakoo. Wa pili ni binti, yuko sekondari. Wa tatu ni mvulana wa miaka kumi na mitatu. Mimi ni mshona nguo. Cherehani yangu iko sebuleni, na juu ya kabati pana redio. Tangu asubuhi mpaka magharibi mguu wangu uko kwenye cherehani na sikio langu liko kwenye redio. Na ulimi wangu, Mwenyezi Mungu anisamehe, ulikuwa ukijibizana na kila kiongozi aliyesema. “Wote wezi hao!” nilikuwa nikisema. “Katika nchi hii asiyeiba hali.” Nilisema hivyo bei ya sukari ilipopanda, nilisema hivyo ushuru ulipoongezwa, na nilisema hivyo hata siku ambazo hapakuwa na jambo lolote, ila nilikuwa nimechoka tu.

Siku moja nilimtuma yule mdogo dukani kununua sukari na mafuta ya taa. Aliporudi, chenji ilipungua shilingi elfu moja. Nikamwuliza, akasema bei imepanda. Nikaenda dukani mwenyewe, nikaambiwa bei ni ile ile. Nikarudi nimefura, nikamwita mbele yangu. Nilidhani atalia. Hakulia. Alinitazama akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, “Mama, si wewe usemaye kwamba katika nchi hii asiyeiba hali?”

Ndugu zangu, nilikuwa nimeinua mkono, na mkono ule ukashuka wenyewe. Yale maneno niliyokuwa nikiyarusha kwenye redio hayakuwafika wale wakubwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeyasikia. Yaliyemfika ni huyu mtoto aliyekuwa akikaa mkekani akifanya hesabu zake. Kwa muda wa miaka tisa nilikuwa nikidhani ninalaumu dhuluma, kumbe nilikuwa nikimfundisha kwamba dhuluma ndiyo desturi ya dunia, na kwamba mwaminifu ni mjinga.

Haikupita miezi mingi ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Sina haja ya kuwaeleza wasomaji yaliyotokea, kwani kila nyumba inayajua. Palitokea maandamano na machafuko. Watu waliuawa, na hesabu yao ikawa jambo la kubishaniwa. Intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Na Dar es Salaam ikatolewa amri ya watu kutotoka nje usiku. Mwanangu yuko huko. Nikampigia simu, haikushika. Nikapiga tena usiku, haikushika. Kwa siku nne sikujua kama nina watoto watatu au wawili. Mwenye mume huweza kumwambia mumewe, “Wewe nenda ukaulize, mimi nitabaki na hawa.” Mimi sikuwa na wa kumwambia. Nilikaa juu ya msala, nikiinuka nachungulia simu, nikirudi naomba dua. Siku ya tano alipiga. Alikuwa amejifungia chumbani na wenzake, wakila mikate mikavu. Aliponiambia, “Shikamoo, Mama,” sikuweza kuitikia kwa ajili ya kilio.

Baada ya siku zile nilitaka kuapa kwamba siasa haitatajwa tena ndani ya nyumba yangu. Nilimwambia hivyo bibi mmoja jirani, mtu wa Usangi, mzee sana, ambaye mimi humshonea kanzu zake za sala. Akacheka. Akaniambia, “Mwanangu, wewe wadhani siasa hubisha hodi? Sisi ilituingilia tulipokuwa tungali tukinyonya.” Ndipo akanisimulia habari za mbiru, ambazo alizipata kwa mama yake.

Habari hizo vijana wetu wengi hawazijui, na yafaa wazijue. Wakati wa vita vya pili vya dunia, chini ya utawala wa Mwingereza, watawala wa jadi wa Upare walianzisha kodi mpya, wakaipa jina la mbiru, jina la ushuru wa zamani. Kodi hii haikuwa sawa kwa watu wote. Kila mtu alikadiriwa mali yake, akatozwa kwa kadiri hiyo. Wapare hawakukataa kulipa kodi. Walilokataa ni kule kukadiriwa, kwani waliona hapana uadilifu ndani yake, na hawakuwa wameulizwa. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani wakaja hapa Same, penye ofisi ya Bwana Shauri, wakakaa, wakasema hawarudi makwao mpaka neno lao lisikilizwe. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekuwa mwenyeji wa Upare, ameiandika habari hii katika kitabu kilichotoka mwaka 1971.

Sasa fikirini, enyi akina mama. Waume wako Same. Nani aliyebaki mlimani? Nani aliyepalilia migomba, aliyewapeleka ng’ombe majani, aliyefungulia maji ya ndiva zamu ilipofika, aliyekesha na mtoto mwenye homa? Kila nyumba ikawa nyumba ya mama aliye peke yake. Basi wanawake wa Usangi nao wakaondoka, mamia yao, wakatembea kwa miguu mwendo wa maili 25 hivi mpaka Same. Wakamwambia yule Bwana Shauri maneno ambayo heshima ya ukurasa huu hainiruhusu kuyaandika kama yalivyokuwa. Maana yake ni hii: ama alimalize neno la mbiru waume zao warudi, ama yeye mwenyewe ashike mahali pa waume wale kwa wote waliosimama mbele yake. Yalikuwa maneno makali, lakini hayakuwa ya upuuzi. Walikuwa wakimwonyesha kwamba karatasi aliyoiandika ofisini imevunja nyumba mlimani. Baadaye mambo yalichafuka zaidi, hata kule Usangi mawe yakarushwa. Mawe siyasifu, kwani jiwe halichagui wa kumpiga. Lakini mwishowe kodi ile iliondolewa.

Nimeitafakari sana habari hii nikiwa kwenye cherehani yangu. Wanawake wale hawakukaa jikoni wakasema, “Wote wezi.” Walijua ni jambo gani limewadhulumu, walijua ni nani mwenye kuliondoa, wakamwendea wakamwambia. Hasira yao ilikuwa na anwani. Yangu haikuwa nayo. Ndiyo maana ikawaangukia watoto.

Na wala tusidhani kwamba mambo ya nyumbani ni madogo mno kufikishwa kwa mtawala. Tunajua katika hadithi sahihi habari ya Bibi Hind, mke wa Abu Sufyan, aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumshitakia kwamba mumewe ni mzito wa mkono, hatoi ya kumtosha yeye na watoto wake. Wakati ule Mtume alikuwa ndiye kiongozi wa dola nzima. Hakumwambia kwamba hayo ni maneno ya jikoni. Alimsikiliza, akamruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kuwatosha yeye na wanawe kwa wema. Huo ndio uongozi, na hiyo ndiyo haki ya mwenye kuongozwa.

Hapo ndipo nilipojiona nimekosa jambo la pili. Mimi niliyekuwa nikiilaumu serikali kwa ahadi zake, nilikuwa sijamdai baba wa watoto wangu haki yao hata siku moja katika miaka tisa. Niliona haya, nikaiita haya ile subira. Lakini nafaqa, yaani matunzo ya mtoto, si sadaka apewayo mama. Ni haki ya mtoto, nayo haiondoki kwa talaka. Sheria yetu ya Uislamu yasema hivyo, na sheria ya nchi pia: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamwajibisha baba kuwatunza watoto wake hata wakikaa kwa mwingine, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaruhusu kuomba amri ya matunzo mahakamani. Nikawaita wazee wa pande zote mbili, nikasema mbele yao bila ya matusi. Leo analeta. Haleti yote, na mwezi mwingine huchelewa. Lakini analeta, na yule mdogo amejua kwamba baba yake yuko. Ambaye wazee hawakumfaa, aende kwa afisa wa ustawi wa jamii. Hilo si aibu.

Akina mama wenzangu, nisiwe kama mtoa waadhi asiyejua uzito wa mzigo. Naujua. Lakini tukumbuke kwamba Bibi Hajar aliachwa na mtoto mchanga katika bonde lisilo na maji, akakimbia baina ya Safa na Marwa mara saba, na mpaka leo mahujaji wote, wanaume kwa wanawake, wafuata nyayo za mama yule mmoja. Mtume wetu mwenyewe alizaliwa baba yake akiwa amekwisha kufa. Na Imamu Shafii, ambaye wengi wetu huku Afrika ya Mashariki twaifuata madhehebu yake, alifiwa na baba yake angali mdogo. Mama yake maskini akamtoa Gaza akampeleka Makka ili apate elimu. Mtoto wa mama aliye peke yake si mtoto aliyepungukiwa. Amepungukiwa pale tu watu wengine wanapojitenga naye.

Kwa hiyo, enyi waungwana wa msikitini, nanyi nina neno nanyi. Mtoto wa kiume asiye na baba karibu hujifunza uanaume mahali fulani. Asipojifunza kwenu, atajifunza stendi ya mabasi. Mwiteni katika safu, mpeni kazi ya kutandika mikeka, mwulizeni masomo yake, mkienda shamba mchukueni. Hilo halihitaji bajeti ya serikali.

Na sisi wazazi sote tushike haya machache. Mosi, tukilaumu mbele ya watoto, tulitaje kosa lenyewe, tusiwatukane watu wote. Kwani anayeambiwa kwamba wote ni waovu hupata udhuru wa kuwa mwovu. Pili, twende mikutano ya kijiji na ya mtaa, tuulize hesabu kwa adabu na bila ya kuchoka. Tatu, haki tuidaiyo kwa wakubwa tuitende kwanza sisi kwa wadogo: tukiahidi tutimize, tukikosa tukiri.

Mimi nimekiri. Jioni moja nilizima redio, nikamwambia yule mdogo, “Mwanangu, nilikosea. Wapo waibao, na wapo wasioiba, na mimi nataka nyumba hii iwe ya wasioiba.” Hakunijibu neno. Juzi nilimtuma tena dukani. Aliporudi aliweka sukari mezani, kisha akahesabu chenji mbele yangu, sarafu moja moja, mpaka ya mwisho. Nikashukuru, nikarudi kwenye cherehani. Redio ilikuwa ikisoma habari, nami nikaisikiliza kimya.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, awarehemu waliofiwa na wao, na awape viongozi wetu masikio ya kusikia. Amin.

Wabillahi tawfiq.