Sogea Karibu, Ndipo Upime
Mwaka 2020 walinzi wa milangoni walikabidhiwa vipimajoto vyenye umbo la bastola, wakavielekeza popote: kiganjani, shingoni, hata kwenye kofia. Joto la kofia si la mtu! Kifaa hicho hakipenyezi chochote kichwani, licha ya uvumi uliozagaa. Kinapokea tu mionzi ya joto itokayo kwenye ngozi, na ukisimama mbali kinachanganya na ya ukuta ulio nyuma. Vingi vya paji la uso vinataka sentimita chache tu, paji likiwa kavu na halijatoka juani. Vya karakana huandikwa uwiano wa umbali kwa upana wa eneo linalopimwa, tuseme 12:1: ukiwa mita 1.2 unapima duara la sentimita 10, hata kama nukta nyekundu ya leza ni ndogo sana.