Kichaa cha mbwa: Kuchanja mnyama ni nafuu kuliko kumtibu aliyeng'atwa

WAFANYABIASHARA wa nafaka na dagaa katika eneo la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, wanamjua paka kama mlinzi wa ghala. Anakula kidogo, hadai mshahara na panya wanamwogopa. Mbwa naye huwasaidia walinzi wa maduka usiku. Hata hivyo, ni nadra gharama ya chanjo ya wanyama hao kuonekana katika daftari la duka.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Kichaa cha mbwa huua karibu kila mtu aliyeanza kuonyesha dalili. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka duniani, wengi wao katika Asia na Afrika. Hapa nchini, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo takriban 1,500 kwa mwaka, idadi iliyozidi kwa mbali sana ile iliyoripotiwa rasmi.

Kiuchumi, swali ni nani analipa. Asiyechanja mbwa wake anaokoa fedha kidogo. Mzigo humwangukia aliyeng'atwa, ambaye mara nyingi si mwenye mbwa. Huyo anahitaji chanjo ya binadamu inayotolewa kwa awamu kadhaa, nauli ya kila awamu na siku za kukaa bila kazi. Kwa mama lishe au machinga, siku tatu bila kuuza zinaweza kumaliza mtaji.

Paka hawezi kuachwa nje ya hesabu hiyo. Aking'atwa na mbwa mgonjwa, naye humwambukiza binadamu. Kwa mfugaji, ugonjwa huohuo huua ng'ombe, mbuzi na punda.

Wapo wanaodhani dawa ni bunduki au sumu. Uzoefu wa nchi nyingi unaonyesha kuwa kuua mbwa wanaozurura hakumalizi ugonjwa, kwani wengine huchukua nafasi yao haraka, na pengine waliouawa ndio waliokuwa wamechanjwa. Kinachofanya kazi ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, tena bila kukatisha.

Mfano upo karibu. Kuanzia mwaka 2010, Serikali na WHO, kwa ufadhili wa mfuko wa Bill Gates na mkewe wa wakati huo, ziliendesha mradi wa kuchanja mbwa katika wilaya 28, zikiwamo za Dar es Salaam na kisiwa cha Pemba. Pemba ugonjwa ulitoweka mwaka 2014. Kampeni zilipolegea, ukarejea mwaka 2016, na ilibidi mbwa wachanjwe upya hadi ukatokomezwa tena mwaka 2018.

Kariakoo haikuzungukwa na bahari. Mbwa wa Jangwani au Ilala anaweza kufika Mtaa wa Msimbazi usiku mmoja, hivyo mwenye duka mmoja akichanja peke yake hajajikinga vya kutosha. Wenye maduka wanaochangia mlinzi wa mtaa wanaweza pia kuchangia siku moja ya daktari wa mifugo, kupitia serikali ya mtaa na ofisa mifugo. Akichanja wanyama wengi kwa safari moja, gharama ya kila mmoja hushuka.

Kununua kichupa dukani na kumdunga mnyama mwenyewe ni kamari. Chanjo iliyokaa juani huenda isifanye kazi, na bila kadi ya daktari hakuna ushahidi wowote mtu anapong'atwa.

Likitokea hilo, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mgonjwa awahi hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Ofisa mifugo naye apewe taarifa.

WHO na washirika wake wamelenga kukomesha vifo hivi ifikapo mwaka 2030. Halmashauri zinazopanga bajeti na wafanyabiashara wanaofunga mahesabu wanapaswa kuuona mchango wa chanjo kama wanavyouona ule wa mlinzi: unalipwa kabla mwizi hajaja.