Mahali pa Mbwa ni Kizingitini

Mpwa wangu anakaa Lavington, katika nyumba yenye uwanja, pamoja na mkewe na mtoto wao mmoja mwenye pumu. Mwezi uliopita wezi waliruka ukuta wa jirani yake. Basi juzi, tulipotoka kusali Adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, alinishika mkono akaniambia: "Mjomba, nataka mbwa. Muuzaji mmoja anaye pudeli, asema hapukutiki manyoya, wala hamdhuru mwenye mzio. Ni ghali, lakini mtoto atasalimika."

Ndugu msomaji, neno mzio ni letu watu wa pwani. Wazee walimkataza mtu chakula fulani kwa kuwa kilikuwa mzio wake, na jirani yake akakila asidhurike. Madaktari nao hutuambia kwamba kinachodhuru kwa mbwa si unyoya wenyewe, bali ni protini zilizomo katika mate yake, mba wa ngozi yake na mkojo wake. Je, yuko mbwa asiye na mate wala ngozi?

Huko Australia mwaka 1989, Wally Conron alichanganya labrada na pudeli ili apate mbwa wa kumwongoza mwanamke kipofu wa Hawaii, ambaye mumewe alikuwa na mzio. Walizaliwa vibwa watatu, baba mmoja na mama mmoja, na katika hao ni mmoja tu aliyemfaa bwana yule. Tena utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2012 haukuona kwamba mbwa hao wanaosifiwa hutoa vidhuru vichache kuliko wenzao. Kwa hiyo anayeuza kabila la mbwa kama dawa ya mzio, anauza maneno.

Rai yangu ni kwamba swali la kwanza si mbwa gani, bali ni alale wapi. Sisi wa madhehebu ya Shafii tulifundishwa chuoni kuwa mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Na kwamba mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa mifugo ameruhusiwa. Hata mbwa wa Watu wa Pangoni, katika Suratul Kahf, alinyoosha miguu yake kizingitini.

Basi na awe mbwa wa ulinzi, wa kabila lolote, mwenye banda lake uani. Asiingie ndani, na anayemhudumia aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Naye mbwa apewe chakula, maji, kivuli na chanjo ya kichaa, maana yeye si kufuli. Ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu, na dhuluma kwake ina hesabu.

Lakini kabla ya yote, mtoto apelekwe kwa daktari akapimwe. Akiambiwa hata uani mbwa asiwepo, basi asiwepo. Taa na mlinzi vitatosha. Mwizi huchukua mali, na mali hurudi. Pumzi ya mtoto haina duka.