Tani Nne za Chumvi

Juzi nilipata kazi ya mtandaoni: maneno mia sita kuhusu jinsi ya kujiandaa kwa safari ya kuwinda kwenye milima ya Afrika. Nikamuuliza klayenti, milima gani? Akajibu, yoyote tu. Nilikuwa na kodi ya miezi miwili kichwani, na chuo nilishakiacha mwaka wa pili kwa ajili ya karo, kwa hivyo sikubishana. Nikachagua milima ya Bale, Ethiopia. Huko kuwinda kwa kibali kunaruhusiwa, na kuna nyala wa milimani, mnyama ambaye humpati porini katika nchi nyingine yoyote.

Orodha yenyewe si ngumu. Soksi ziwe za sufu, maana pamba ikilowa umekwisha. Viatu vivae nyumbani wiki kadhaa kabla, visikuchubue huko juu. Bunduki ya kulenga mbali, darubini, koti la mvua. Panda polepole, kwa sababu Tullu Dimtu ina mita 4,377 na kichwa kitakugonga kabla hujafika nusu. Farasi utamkuta huko. Mtu wa kufuata nyayo pia utamkuta huko.

Hapo nikakwama. Katika miongozo yote niliyosoma nikitafuta cha kuandika, huyo mtu anawekwa fungu moja na farasi. Hana jina. Haambiwi avae soksi gani.

Na si mambo ya leo. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kutoka madarakani Marekani. Msafara wake ulikuwa na wapagazi kama mia mbili na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Alikuja pia na maktaba ndogo ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, kwenye sanduku ambalo peke yake lilikuwa mzigo wa mtu mmoja. Yaani kuna Mwafrika alitembea nchi hii na Shakespeare kichwani, na sidhani aliwahi kufunguliwa hata ukurasa. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Kwenye msitu wa Mlima Kenya, waliomwongoza kwa ndovu walikuwa Wandorobo. Hilo ni jina ambalo Wamaasai waliwaita watu wasio na ng'ombe, na wazungu wakaliokota hivyo hivyo. Sisi Waogiek wa Mau tumeitwa hivyo pia.

Kugo yangu alikuwa mwindaji. Maandalizi yake hayakuhitaji duka. Kwanza alikuwa anauliza ni miti gani imetoa maua, na upande gani wa mlima, kwa sababu maua ndiyo asali, na yalikokuwa maua ndiko watu walikohamia. Halafu swali la pili: hapo ni kwa nani? Msitu ambao wewe na mimi tunauona kutoka dirisha la matatu kama ukuta mmoja wa kijani ulikuwa umegawanywa ukoo kwa ukoo, kuanzia chini hadi juu kwenye mianzi. Huwezi kuingia kwa wenyewe ukategesha mtego ati kwa sababu umeona nyayo. Unaenda, unakaa, unaomba. Alikuwa anaweza kukaa siku mbili kwa mtu akingoja jibu, halafu kuwinda kwenyewe ni asubuhi moja. Upinde, mishale, mbwa. Basi.

Alishikwa mara moja, kabla sijazaliwa. Alikuwa na pimbi wawili. Kama hujui pimbi, ni yule mnyama mdogo kama sungura asiye na masikio marefu. Pimbi wawili! Alikaa ndani miezi kadhaa, na aliporudi mbwa walikuwa wameshauawa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977. Sheria ya 2013 inasema hata kuwinda ili ule ni kosa. Nisieleweke vibaya, sitaki bunduki zirudi. Bongo wa milimani waliobaki porini hawafiki mia, na wote wako kwenye misitu yetu hii, Mau ikiwemo. Mtu akinionyesha mtego wa waya leo nitaung'oa mwenyewe. Ninachokataa ni hesabu. Mzee wa pimbi wawili anaitwa jangili, yule wa 512 ana kumbukumbu. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha ilisema serikali ilivunja haki za Waogiek, na kwamba kulinda msitu si sababu ya kutufukuza. Tumefukuzwa tena baada ya hapo.

Na sisi wa Nairobi tuko wapi? Tuko kwenye foleni ya kupiga picha. Tunavaa kofia pana na shati la kaki tukienda Naivasha wikendi, nguo za Roosevelt kabisa, tunaandika "safari vibes". Mse akishikwa na nyama ya porini tunamtukana hadi mama yake, na hakuna anayeuliza ile ardhi alikozaliwa sasa iko kwa jina la nani. Mimi pia nilikuwa hivyo. Shuleni nilikuwa nasema natoka Nakuru, mambo ya Mau naruka.

Makala niliandika. Nikaweka soksi, nikaweka mita 4,377, na namba moja, juu kabisa ya orodha, nikaweka: uliza mahali hapo ni kwa nani, kisha ukae usubiri jibu. Klayenti alilipa Ijumaa, dola kumi na mbili. Ilipochapishwa niliona namba moja ni viatu.