Mtoto Aanze na Sarafu Mkononi



Katika mikutano ya chama hapa Uganda tunazungumza sana habari za mshahara, lakini watoto wetu hawajui mshahara ni kitu gani. Zamani mtoto alimwona mzazi akihesabu noti mezani. Siku hizi wengi wetu fedha zetu huingia katika simu, na mtoto wa miaka 5 anadhani simu ndiyo inayozaa fedha.

Mimi nasema tumpe sarafu azishike. (Aliye chini ya miaka 3 asipewe, atameza.) Mwaga mkekani sarafu za 50, 100, 200 na 500, umwulize ipi ina thamani zaidi. Huenda akachukua ile ya 100 yenye ng'ombe, kwa kuwa ndiyo kubwa. Usimcheke. Mwonyeshe ile ya 500 yenye korongo, ndogo na ya rangi ya manjano, kisha panga ng'ombe 5 kando yake, azihesabu mwenyewe. Kesho aibadilishe hiyo 500 kwa samaki 2 na ng'ombe 1.

Baadaye fungueni duka la mchezo. Vizibo vya chupa viwe sukari, chumvi na sabuni. Yeye auze, nawe ununue. Halafu mbadilishane, na umpe chenji pungufu kwa makusudi. Akigundua, msifu mbele ya wenzake. Mtoto wa namna hiyo ukimtuma dukani hapunjwi.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya mwalimu. Mwalimu ana darasa lililojaa, atachora duara ubaoni, na duara la chaki halishikiki.

Tena kuna jambo la kodi. Tangu mwaka 2018 fedha zinazotolewa katika simu hutozwa kodi, ambayo sasa ni nusu ya asilimia moja. Ukitoa shilingi 100,000, kodi ni 500, mbali na ada ya kampuni ya simu. Weka korongo mmoja pembeni, umwambie mtoto: huyu amekwenda serikalini.

Na wewe unayechuma chai kwa kilo, mpe mtoto mkubwa karatasi ya mizani. Mzidishe kilo kwa bei, mpange jibu kwa noti na sarafu. Likipishana na ulicholipwa, karatasi hiyo usiitupe. Ilete kwa mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo.